Krimu au Damu ya Mzee?

Ingia darasa la shule kongwe ya serikali nchini Tanzania, au zahanati, au ofisi ya kata, na mara nyingi macho yatakutana na ukuta uliogawanywa mara mbili. Chini, kutoka sakafuni hadi kiunoni mwa mtu mzima au juu kidogo, umepakwa rangi nzito: kahawia, bluu iliyokolea, kijivu, au ile nyekundu iliyoiva ambayo mafundi huiita damu ya mzee. Juu, mpaka kwenye dari, ni nyeupe au krimu. Vizazi vimesoma, vimechanjwa na vimepanga foleni mbele ya mpaka huo, na ni wachache waliowahi kuuliza uliwekwa kwa nini.

Siku hizi rangi hizo mbili zimetoka ofisini na kuhamia sebuleni. Tlawi, karibu na mji wa Mbulu, penye ziwa dogo lenye jina hilohilo, nyumba za tofali za kuchoma na mapaa ya bati zimechukua nafasi ya nyumba za zamani, na kila nyumba mpya hufika siku ambayo fundi amemaliza plasta na anataka kuambiwa anunue ndoo gani. Hapo familia hugawanyika. Mmoja anataka krimu, chumba king'ae. Mwingine anataka damu ya mzee, walau ukuta mmoja nyuma ya makochi. Sababu zake ni tatu: ameona inavyopendeza kwenye picha za simu, haionyeshi uchafu, na Mbulu ni baridi, kwa hiyo rangi nyekundu itatia joto.

Ya kwanza ni hiari ya mtu na macho yake. Ya pili ina ukweli nusu. Ya tatu haina kitu, ingawa ndiyo inayosemwa kwa uhakika mkubwa kuliko zote.

Nyekundu na nyeupe zimeshindana kwenye kuta za upande huu wa nchi tangu enzi ambazo hakukuwa na nyumba za tofali wala ndoo za rangi. Anayeshuka kutoka Babati kwenda Kondoa hupita Kolo, lango la michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na ambayo mwanaakiolojia Mary Leakey alitumia sehemu ya mwaka 1951 kuinakili. Michoro ya zamani zaidi, ile ya watu wembamba warefu na wanyama wa porini, kwa kawaida ni myekundu. Ile minene iliyokuja baadaye, mara nyingi imechorwa juu ya ya kwanza, ni myeupe. Ukiitazama leo, nyekundu ndiyo iliyovumilia vizuri zaidi. Chembe zake ni laini, zimepenya ndani ya jiwe, na kinachoipa wekundu ni oksaidi ya chuma, kitu ambacho jua halikifubazi. Nyeupe ilikaa juu ya jiwe kama ukoko, na ukoko hubanduka.

Chuma hichohicho ndicho kinachoupa wekundu udongo wa mashamba mengi ya nyanda za Mbulu, na ndicho kilichomo kwenye makopo mengi ya damu ya mzee, kikiwa kimechanganywa na nyeusi kidogo. Weupe wa kopo la krimu unatoka kwingine: titani dioksaidi, unga mweupe ulioanza kutengenezwa kiwandani kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake, aliyetaka ukuta mweupe alikuwa na chokaa, au rangi yenye madini ya risasi.

Kwa uimara wa rangi yenyewe, basi, damu ya mzee inaongoza. Ila ukuta wa sebuleni haupigwi na mvua wala jua la mchana kutwa. Kazi yake kubwa ni kuamua nini kitatokea kwa mwanga mchache ulioingia dirishani.

Nyumba ya asili ya Wairaqw, wenyeji wa Mbulu, haikuutafuta mwanga huo. Ilichimbwa kwenye mteremko wa kilima, paa lake likiwa bapa na limefunikwa udongo, kiasi kwamba mtu aliye mbali aliona kilima tu. Henry Fosbrooke, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni, aliandika katika miaka ya 1950 jinsi ujenzi huo ulivyohusiana na uvamizi wa Wamaasai waliokuja kuchukua ng'ombe. Mifugo ililala ndani pamoja na watu, moto uliwaka ndani, na moshi ukazipaka kuta rangi yake. Giza lilikuwa sehemu ya ulinzi.

Nyumba ya sasa ina madirisha, lakini si makubwa kama yanavyoonekana kwenye ramani ya fundi. Baridi ya Juni na Julai inawafanya watu wayapunguze. Nondo zinakula sehemu, pazia zito linakula nyingine, na baraza pana inazuia anga. Ukisimama katikati ya sebule kama hiyo saa nane mchana, utagundua kwamba mwanga unaokuwezesha kusoma gazeti haukuja moja kwa moja kutoka dirishani. Umegonga ukuta, ukarudi, ukagonga mwingine, ukarudi tena.

Hapa tofauti ya rangi hizi mbili huwa kubwa kuliko watu wanavyodhani. Krimu iliyo safi hurudisha takriban asilimia 75 ya mwanga unaoigonga. Damu ya mzee hurudisha kama asilimia 10, na zilizokolea sana hurudisha pungufu ya hapo. Fuata sehemu 100 za mwanga kwenye chumba cha krimu: baada ya kugonga ukuta mara moja zinabaki 75, mara ya pili 56, mara ya tatu 42. Kwenye chumba cha damu ya mzee zinabaki 10, kisha 1, na mara ya tatu hakuna cha kuhesabu. Dirisha ni lilelile, na mchana ni uleule. Mwenye nyumba ya pili atawasha taa saa tisa alasiri na kumlaumu fundi aliyejenga dirisha dogo.

Watu wa pwani walilijua hili bila hesabu. Nyumba za kale za mawe za Lamu zilikuwa na vyumba virefu na vyembamba, upana wake ukiamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, na vilipangwa kimoja nyuma ya kingine kutoka uwanja mdogo wa ndani uliokuwa wazi juu. Chumba cha nyuma kabisa hakikuwa na dirisha la maana. Dawa yake ilikuwa plasta ya chokaa nyeupe, laini, yenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zilizochongwa safu kwa safu. Mwanga wa uwanjani ulipokelewa na kupitishwa kutoka ukuta hadi ukuta mpaka ukafika ndani. Joto la Lamu na baridi ya Mbulu ni vitu viwili tofauti kabisa, lakini shida ya chumba kirefu chenye mwanga upande mmoja ni moja.

Ambaye bado anautaka ukuta wake mmoja wa damu ya mzee anaweza kuupata bila hasara kubwa, mradi auchague kwa akili. Ukuta unaotazamana na dirisha ndio unaopokea mwanga mwingi kuliko wote; ukiupaka rangi nzito umeuzika mwanga pale unapoingia. Ukuta wenye dirisha lenyewe unaonekana kuwa chaguo salama, kwa kuwa haupigwi na mwanga wa moja kwa moja, lakini dirisha linalong'aa katikati ya ukuta mweusi-mwekundu huumiza macho ya anayekaa akilitazama. Unabaki ukuta wa pembeni. Picha za simu zenye makochi mbele ya ukuta mwekundu, kwa taarifa ya wanaozipenda, kwa kawaida hupigwa kwenye vyumba vyenye vioo kutoka sakafuni hadi darini, na taa zimewashwa.

Jioni mambo hubadilika tena. Mwaka 1825 mwanasayansi wa Bohemia, Jan Purkinje, alieleza jambo alilolitambua kwenye maua mwanga unapokuwa hafifu: maua mekundu hufifia mapema na kuwa karibu meusi, huku ya bluu yakiendelea kuonekana. Sababu iko machoni mwetu. Giza likiingia, jicho huacha kutegemea chembe zinazotambua rangi na kutumia nyingine zinazoona mwanga hafifu, na hizo za pili karibu hazioni wekundu. Kwa hiyo saa moja kasoro jioni, kabla taa haijawashwa, ukuta wa damu ya mzee ndio wa kwanza kugeuka shimo jeusi. Ukuta wa samawati uliokolea kiasi hichohicho ungedumu dakika kadhaa zaidi.

Na taa yenyewe si ile ya zamani. Mwanga wa kibatari ni wa manjano na wekundu. Chini yake, ukuta mwekundu ulionekana kama una uhai, na krimu ilionekana kama samli. Karabai ilikuwa nyeupe zaidi. Taa nyingi za sola zinazouzwa madukani leo hutoa mwanga mweupe wenye ubluu, wenye mionzi myekundu michache. Chini ya taa hiyo damu ya mzee hupoteza wekundu na kuelekea kahawia ya matope, wakati krimu hupoteza umanjano na kusogea kwenye kijivu. Kuna balbu zinazotoa mwanga wa manjano, na kasha la balbu huandikwa namba: zenye 2,700 ni za manjano, zenye 6,500 ni za bluu. Anayechagua rangi ya ukuta dukani mchana, kisha akanunua balbu bila kusoma namba hiyo, amechagua nusu ya rangi tu.

Sasa joto. Ni kweli kwamba bati au ukuta wa nje uliopakwa rangi nzito hupata moto zaidi juani kuliko mweupe. Ndani hakuna jua la kutosha la kuleta tofauti hiyo. Joto linalotoka kwenye miili ya watu, jiko la mkaa au sakafu husafiri kwa mionzi isiyoonekana kwa macho, na kwa mionzi hiyo rangi za ukutani karibu zote ni sawa, nyeupe kwa nyekundu. Kipimajoto hakitaona tofauti. Kuhusu hisia, yaani mtu kujiona ana joto kwa kuwa anatazama nyekundu, watafiti wamelipima wazo hilo kwa miongo mingi na majibu yao hayaelewani. Panapoonekana tofauti, ni ndogo kuliko ya kuvaa sweta.

Kinacholeta joto Tlawi ni dirisha la upande sahihi. Eneo hili liko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni na Julai, baridi inapobana, jua la mchana hupita upande wa kaskazini wa anga, digrii 27 hivi kutoka utosini. Desemba huhamia kusini. Dirisha la kaskazini ambalo halikuzibwa na baraza pana hupata jua katika miezi ileile ambayo jua linahitajika. Ongeza dari chini ya bati, kwa sababu usiku bati hupoa haraka na kulinyonya joto la chumba, na ziba upenyo chini ya mlango. Hivyo vitatu havihusiani na kopo lolote la rangi.

Kuna jambo jingine linalotokea rangi hizi mbili zinapokutana kwenye ukuta mmoja. Michel Eugène Chevreul, mkemia wa Kifaransa, aliajiriwa mwaka 1824 kusimamia upakaji rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Wafumaji walilalamika kwamba nyuzi nyeusi hazikolei. Chevreul alizipima akakuta hazina kasoro. Zilionekana dhaifu kwa sababu ya rangi zilizowekwa kando yake. Kitabu chake cha mwaka 1839 kuhusu jambo hilo kilisomwa sana na wachoraji. Kwa mwenye nyumba maana yake ni hii: krimu iliyowekwa juu ya mkanda wa damu ya mzee huonekana nyeupe zaidi, yenye dalili ya ukijani, kuliko krimu ileile kwenye chumba kisicho na mkanda. Wanaolalamika kwamba duka limewauzia krimu tofauti na waliyoichagua mara nyingine wamedanganywa na mpaka wa rangi tu.

Njia rahisi ya kuepuka hili ni kupaka rangi zote mbili kwenye kipande kikubwa cha boksi, si chini ya nusu mita, kisha kukihamisha: karibu na dirisha, pembeni, asubuhi, jioni, chini ya taa ya sola. Boksi likauke kwanza. Rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa; chokaa hufanya kinyume, hupakwa kama maji ya mchele na kuwa nyeupe inapokauka.

Turudi kwenye uchafu, maana hapa damu ya mzee ina hoja. Kiangazi, upepo wa Mbulu hubeba vumbi jekundu, na masika hubadilisha vumbi hilo kuwa matope yanayoingia na viatu. Mikono ya watoto, migongo ya viti, ndoo za maji na fagio vyote huugusa ukuta sehemu moja, chini ya mita 1.2. Krimu katika kimo hicho haimalizi mwaka bila alama. Mpaka ule wa madarasani uliwekwa kwa ajili hiyo: chini ni rangi nzito ya mafuta inayovumilia kuoshwa kwa sabuni, juu ni rangi nyepesi ya maji inayorudisha mwanga. Waliougawa ukuta walielewa kwamba nusu ya chini inachakaa na nusu ya juu inaangaza.

Lakini rangi nzito haifichi kila kitu. Damu ya mzee ya mafuta yenye mng'ao huonyesha mikwaruzo, chaki, unga wa mahindi na kila nundu ya plasta ambayo fundi hakuipitishia msasa. Rangi ya katikati, ya udongo au kahawia ya maziwa, huficha vumbi la Tlawi vizuri kuliko zote mbili kwa sababu inafanana nalo, na hurudisha mwanga mara mbili au tatu zaidi ya damu ya mzee. Kwa sebule ya kawaida yenye madirisha mawili, hilo ndilo chaguo ambalo makala hii ingeliunga mkono kwa mkanda wa chini. Damu ya mzee ibaki chumba cha kulala, ambako giza ni faida, au kwenye korido fupi.

Rangi ya mafuta ina masharti. Plasta mpya ya saruji iachwe takriban siku 28, na masika iachwe zaidi, kwa kuwa unyevu na ukali wa saruji huishambulia rangi hiyo ikavimba na kumenyuka. Ukuta wa udongo unaopata maji kutoka chini usipakwe mafuta kabisa. Unyevu utatafuta njia na kuibandua. Hapo chokaa ndiyo mkombozi: inapumua, na ukali wake huzuia ukungu. Jikoni penye kuni, masizi yaoshwe kwanza kisha praima ya mafuta ipakwe, la sivyo madoa ya kahawia yatapenya krimu mpya.

Sharti jingine ni la afya. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira na Shirika la Afya Duniani yanapendekeza kwamba rangi isiwe na risasi inayozidi sehemu 90 kwa milioni. Shirika la Tanzania la AGENDA, pamoja na mtandao wa kimataifa wa IPEN, wamepima rangi za mafuta za madukani na kukuta baadhi zinapita kiwango hicho, hasa zile kali kama njano na nyekundu. Wekundu wa oksaidi ya chuma hauhitaji risasi, kwa hiyo inafaa kusoma kopo kabla ya kulipa. Mkanda wa chini ndio ulio kwenye kimo cha mtoto anayetambaa na kutia vidole mdomoni. Rangi ya zamani isikwanguliwe kavu. Msasa wa maji hulaza vumbi, na watoto wakae nje mpaka sakafu ipigwe deki.

Hesabu ya kununua haina ugumu. Sebule ya mita 4 kwa 4, yenye kimo cha mita 2.7, ina ukuta wa mita za mraba 43 hivi. Toa mlango na madirisha mawili, zinabaki kama 38. Lita moja hufunika takriban mita 10 za mraba kwenye plasta laini, na plasta ya kukwaruza hunywa zaidi. Mikono miwili ya krimu chumba kizima ni lita 8, yaani makopo mawili ya lita 4. Kwa mkanda wa mita 1.2 wa mafuta, kopo moja la lita 4 linatosha na litabaki kidogo, na krimu ya juu itahitaji kopo moja tu na nyongeza ndogo. Anayegeuza ukuta wa damu ya mzee kuwa krimu ajiandae kwa praima na mikono mitatu, kwa kuwa wekundu huchungulia. Anayetoka krimu kwenda damu ya mzee humaliza kwa miwili.

Kwa sababu hiyohiyo mafundi wazoefu huanza na dari, wakashuka kwenye krimu, na mkanda wakauacha mwisho, mstari wake ukiwa umepimwa kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, si kwa kufuata sakafu. Tone la krimu likidondokea chini litafunikwa kwa brashi moja ya damu ya mzee. Tone la damu ya mzee likirukia krimu, mwenye nyumba atanunua kopo jingine.